Shajara ya mashua: wiki kumi na vijana wa pande mbili, pwani ya Tanga

Mradi uko katika mji mdogo wa wavuvi kusini mwa Jiji la Tanga, njia ya kwenda Pangani. Jina la mji hatuliandiki, wala la kijana yeyote, kwa kuwa ugomvi wenyewe unahusu nani alimtaja nani, na wote wangali wanaishi humo. Kazi ni kukarabati mashua kuukuu ya mita 7. Vijana ni 12: sita wa Juu, yaani nyumba za kando ya barabara, na sita wa Chini, nyumba za ufukweni. Wanaongozwa na mwalimu aliyewafundisha wengi wao shule ya msingi, pamoja na fundi mmoja wa vyombo. Tunaandika kwa walimu, watendaji na wazee wa mwambao wanaofikiria kufanya jambo kama hili, wasianze kwa kubahatisha.

Kabla ya wiki ya 1

Kilichougawa mji ni baruti. Nyumba kadhaa za Chini zilikuwa zikivua kwa mabomu ya kienyeji. Juu wanaishi kwa madema (mitego ya kusuka), mishipi na kuchuuza samaki. Doria ikaja, injini na nyavu zikachukuliwa, watu wawili wakafungwa, na Chini wakaamini simu ilipigwa kutoka Juu. Haikupita muda, madema ya Juu yakakutwa yamekatwa kamba. Juu nao wakaacha kununua samaki wa Chini, awe wa baruti au wa mshipi. Tangu hapo watoto hawachezi uwanja mmoja, na msibani watu wanakaa majamvi mbalimbali.

Kuhusu baruti yenyewe hatukuwa na msimamo wa katikati, na hili tulilisema siku ya kwanza. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaikataza, na sehemu ya bahari hii iko ndani ya Hifadhi ya Silikanti (samaki adimu wa kale) iliyotangazwa mwaka 2009. Lakini kijana haachi baruti kwa sababu ya namba ya sheria, anaacha akielewa kinachotokea chini ya maji. Mlipuko unaua mzazi, kinda na mayai kwa pamoja. Samaki wengi hawaelei kamwe, kwa sababu kibofu cha hewa kimepasuka. Wanazama na hakuna anayewala. Matumbawe ya donge hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, hivyo mwamba wa ukubwa wa meza una umri wa babu. Ukishavunjwa, vipande hubiringishwa na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kifusi kinachotembea.

Karatasi zinazotakiwa ni nne: ridhaa ya mzazi au mlezi, barua ya mtendaji wa kata, taarifa kwa ofisa ustawi wa jamii, na hati ya mwenye chombo. Hii ya nne ndiyo watu wanayoisahau. Mbao zikishabadilishwa, mashua iliyokuwa haina thamani inakuwa mali, na mali isiyo na hati inazaa ugomvi mpya juu ya ule wa zamani. Mashua yetu ni ya mjane wa Chini mwenye ndugu Juu. Ameiazima kwa kikundi kwa misimu miwili ya uvuvi, na fungu la chombo katika kila mgao ni lake. Hati ilisomwa kwa sauti mbele ya pande zote mbili.

Umri ni wa miaka 15 hadi 19. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya 18. Kwenda baharini kumetajwa humo kuwa kazi hatarishi. Kwa hiyo wadogo saba wanafanya kazi ya nchi kavu tu, hawapandi chombo kinapojaribiwa, na hawashiki mashine ya umeme. Walinung'unika sana. Hatukulegeza.

Posho ya fedha hakuna, kuna chakula. Kinapikwa hapohapo ufukweni, sufuria moja, wapishi wawili, mmoja wa kila upande. Mwanzo tulitaka kila familia ilete chakula chake, na siku ya kwanza tu vijana wakakaa makundi mawili, kila kundi na bakuli lake.

Wiki ya 1: kuipima

Mashua ilipandishwa juu ya magogo, ikaegemezwa kwa miti pande zote mbili. Fundi aliwapa vijana misumari mirefu iliyonolewa na chaki. Unachoma ubao kila baada ya shibiri moja. Msumari ukiingia bila kusukuma, unazungushia duara. Usiku tukaweka tochi ndani ya chombo na kuzunguka nje gizani. Kila mwanya ulionekana kama uzi wa mwanga, na mahali palipokuwa na matundu ya misumari palionekana kama nyota. Vijana walizunguka kimya kwa muda mrefu, kila mmoja akiweka alama kwa chaki.

Tulichokuta: mkuku (uti wa chini wa chombo) mzima, gubeti (omo, ncha ya mbele) zima, mbao tatu za ubavu wa kulia zimeoza, mataruma (mbavu za ndani) matano yamekatika, pamba iliyozibia viungo vyote vya mbao imekufa. Mikoko hatukuigusa, kwa kuwa ni hifadhi na haikatwi bila kibali. Mataruma tulichonga kwa matawi ya mwembe yenye kombo ya asili. Tawi lililojipinda lenyewe ni imara kuliko ubao mnyoofu uliokatwa kwa umbo la pinde, kwa sababu nyuzi za mti zinafuata kombo.

Hapa ndipo somo la hesabu lilipoanzia. Fundi anapima kwa mkono: shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa nne ni pima. Mwalimu ana futi kamba. Kila kipimo kiliandikwa mara mbili katika daftari la mradi, kwa shibiri na kwa sentimita. Vijana wanne waliokuwa hawawezi kusoma sentensi nzima walipewa kazi ya kuandika namba, wala si kama adhabu. Namba ya mbao ikikosewa, ubao unakatwa mfupi, na kila mtu anaona.

Wiki ya 2 na 3: misumari

Hii ndiyo sehemu ambayo tungemshauri yeyote asiiruke, hata kama hana mashua. Tafuta kazi isiyowezekana bila watu wawili.

Ubao wa inchi 1 juu ya taruma la inchi 2 na nusu unahitaji msumari wa inchi 4, ili nusu inchi ibaki ya kulaza kwa ndani. Tundu linatobolewa kwanza kwa keekee (chombo cha kutobolea mbao), jembamba kuliko msumari kwa kama milimita moja. Likibana mno, ubao unapasuka kwa urefu. Likilegea, msumari unazunguka na maji yanapita. Chini ya kichwa cha msumari unazungushwa uzi wa pamba uliochovywa mafuta. Kisha mmoja anakaa nje na nyundo, na mwingine anakaa ndani na chuma kizito. Sisi tulitumia kichwa cha nyundo kubwa kisicho na mpini. Wa nje akipiga, wa ndani ameegemeza chuma kwenye taruma ili lisiruke. Ncha ikitokeza, wa ndani anasema, anaondoa chuma, anakirudisha juu ya ncha, na wa nje anapiga tena mpaka ncha ilale.

Wawili hao hawaonani, ubao uko kati yao. Asiyesema anaumiza vidole vya mwenzake. Kila jozi ilikuwa ya mmoja wa Juu na mmoja wa Chini, na siku mbili za kwanza walikuwa wakigonga ubao kwa ngumi badala ya kusema. Misumari 11 ilipinda, mbao zikapata nyufa mbili. Fundi hakugomba. Alichukua msumari uliopinda, akauweka kiganjani mwa mmoja wao, akasema, "Mwanangu, huyu hakukusikia." Siku ya tatu ikawa, "Piga." "Bado." "Sasa." "Tosha." Wiki ya tatu ikiisha walikuwa wakiitana kwa majina, kwa kuwa jozi sita zikifanya kazi pamoja, "piga" tupu haijulikani ni ya nani.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, usimweke mtoto wa aliyefungwa na mtoto wa mwenye madema katika jozi moja mwanzoni. Tuliwatenganisha mpaka wiki ya 5. Pili, wiki tatu hizi hakuna kikao cha kuzungumzia ugomvi. Wageni wenye nia njema walitushauri tuanze na semina ya amani. Tunaamini ingeua mradi: kijana anayeambiwa aseme yaliyo moyoni mbele ya adui yake siku ya kwanza atasema alichofundishwa nyumbani, na akishakisema hadharani hawezi tena kukirudisha.

Mmoja wa wakubwa yuko kwenye methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, ambayo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Tukamwekea saa 5 kuwa saa yake ya kuanza, na jozi yake ikawa zamu ya mchana. Kumlazimisha achague kati ya dawa na kazi ni kumtupa.

Wiki ya 4

Chembeu kimoja, yaani patasi ya kusukumia pamba, kilipotea. Kila upande ulijua nani mwizi. Vifaa vyote tangu hapo vinachorwa umbo lake kwa mkaa juu ya ubao mmoja, vinaning'inizwa, na kazi haifungwi mpaka kila umbo limefunikwa na kifaa chake. Kilichopotea kilinunuliwa kingine kwa fedha ya chakula. Siku mbili tulikula ugali na mchicha mtupu. Hatukuuliza nani. Wawili waliacha kuja wiki hii, wakaenda kubeba abiria kwa bodaboda. Mwalimu alikwenda kijiweni kwao jioni, akanywa kahawa nao, hakutaja mashua. Mmoja amerudi.

Wiki ya 5: kalafati, yaani kuziba myanya ya mbao

Mahitaji kwa mashua ya mita 7: pamba kilo 4, mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa) lita 8, chokaa kilo 10, shahamu ya ng'ombe kilo 6, vyembeu vinne, nyundo za mbao nne.

Anza kwa kung'oa pamba ya zamani yote kwa ndoano ya chuma. Futa mwanya kwa brashi kavu, uache upigwe na upepo wa kaskazi siku nzima. Pamba mpya inasokotwa kwa kiganja juu ya paja, nene kama penseli, inachovywa mafuta na kukamuliwa. Mmoja anailisha kwenye mwanya kwa mikunjo midogo, mwenziwe anaisukuma kwa chembeu butu na nyundo. Chembeu kikiwa kikali kinakata pamba. Ukipiga kwa hasira, mwanya unapanuka na pamba inatokea upande wa pili. Sikiliza mlio: mwanya usiojaa unajibu kwa sauti nzito kama ya debe lenye mchanga, ukijaa sauti inakuwa kavu na fupi, na nyundo inaruka yenyewe mkononi. Pamba iishie milimita 2 au 3 ndani ya uso wa ubao, nafasi hiyo ijazwe lipu ya chokaa na mafuta iliyokandwa kama donge la chapati.

Sehemu ya chini ya mashua, inayokaa majini, ikapakwa shahamu iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chokaa. Moto uwe mdogo. Ikichemka inakuwa nyepesi, inachuruzika, na ikipoa inabanduka kama ganda la yai.

Wiki ya 6: orodha

Sasa ndipo tulipoanza kuzungumza, na hatukuanza na vijana. Mwalimu na mzee mmoja walizunguka nyumba tisa kwa jioni nne. Mzee huyo alichaguliwa kwa sababu ni mtani wa koo za pande zote mbili. Mtani anaweza kusema "nyie mmezoea kula vya haramu" mlangoni mwa mtu na akakaribishwa kiti. Mwalimu akisema hivyo, mlango unafungwa.

Kila nyumba iliulizwa jambo moja tu: mmepoteza nini? Si nani alifanya. Swali la nani alipiga simu limepigwa marufuku katika mradi wote, na mzee aliliweka wazi kila mlango: likiulizwa, kikao kimevunjika. Aliyetoa taarifa ya uhalifu hana deni la kulipa, na kumtafuta ni kumhatarisha.

Yakatoka haya: madema tisa, jarife (wavu mkubwa) moja, siku za kuuza samaki sokoni, ada ya mtoto aliyeacha shule baba yake alipofungwa, na salamu. Salamu ilitajwa na nyumba sita kati ya tisa, tukaiandika kama kitu kilichopotea, na idadi ya miezi.

Kikao kilikuwa barazani kwa mjane mwenye mashua, baada ya sala ya alasiri, kahawa na kashata. Orodha ya Juu ilisomwa na kijana wa Chini, na orodha ya Chini ikasomwa na wa Juu. Waliosoma ni miongoni mwa wale wanne waliokuwa hawawezi kusoma sentensi nzima. Msomaji wa orodha ya madema alikwama kwenye neno "yamekatwa". Akalirudia mara tatu, silabi kwa silabi, mbele ya mwenye madema. Mwenye madema aliweka kikombe chini, akamsubiri mpaka alipolimaliza.

Makubaliano: Chini watasuka madema tisa mapya, na vijana wao sita wafundishwe kusuka. Juu watafungua meza moja ya mnada kwa samaki wa Chini, na samaki watakaguliwa hapohapo na watu wawili, mmoja wa kila upande. Ukaguzi uko hivi: bonyeza mnofu, wa baruti ni tepetepe hata akiwa wa leo, pasua tumbo, angalia damu iliyosambaa ndani, pitisha kidole kwenye uti wa mgongo, usikie kama umevunjika. Akionekana wa baruti, hauzwi, na ofisa uvuvi anaarifiwa. Ada ya mtoto inachangwa nusu kwa nusu.

Yasiyomalizwa barazani tuliyataja waziwazi. Waliofungwa hawatolewi kwa suluhu yetu. Injini haitarudi. Na jambo lolote la ukatili kwa mtoto au mwanamke halipokelewi pale. Linakwenda polisi na ustawi wa jamii, hata wenyewe wakisema wamesameheana.

Wiki ya 7: kosa letu

Siku ya kuishusha mashua ilipangwa kufuata nafasi ya mgeni rasmi. Ilikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana. Watu karibu 60 walisukuma, mashua ikaenda nusu ya njia ikakaa tope, maji yakaja mpaka kwenye magoti na kurudi. Mwezi ndio unaopanga siku ya kushusha chombo, na sisi tulilijua hilo. Mgeni akaondoka. Jambo jema ni kwamba watu wale 60 walikuwa wa pande zote mbili, na walipakana tope kwa saa mbili.

Wiki ya 8: inavuja

Mwezi uliandama, mfungo wa Ramadhani ukaingia, na maji yakawa bamvua, yaani ya kujaa sana. Hapa maji makubwa ya bamvua hujaa karibu saa 10 jioni. Mashua ikaelea kwa kusukumwa na watu kumi tu.

Chombo kilichokaa nchi kavu lazima kipitishe maji mpaka mbao zinywe na kuvimba, kwa hiyo usitishike saa ya kwanza. Hesabu ndoo. Sisi tulichota na kumwaga nje ndoo 30 kwa saa. Asubuhi ya pili ndoo 12. Asubuhi ya tatu ndoo 12 tena. Idadi ikiendelea kushuka, mbao zinakunywa. Ikigoma, pana tundu.

Tukaivuta, tukamimina maji ndani, tukalala chini yake kuangalia. Yalikuwa yakidondoka nyuma, kwenye fashini (mti wa tezi), mahali mkono hauingii vizuri. Fundi akavuta pamba mpya nyeupe kwa ndoano. Chini yake kukatoka pamba ya zamani, nyeusi, laini kama tope, yenye harufu ya yai viza. Haikung'olewa wiki ya 5. Jozi iliyofanya kazi pale inajulikana, imo daftarini. Kila mmoja angeweza kumsukumia mwenzake, na pande mbili zilikuwa zimeshaanza kusogea. Wakaomba kalamu. Waliandika: "Nyuma palikuwa pagumu. Tulifunika pamba ya zamani. Tutang'oa."

Wiki ya 9 na 10

Saa za kazi zikahamia asubuhi, saa 1 hadi saa 4, kabla ya jua na kiu kushika. Futari ya kila Alhamisi inafanyika ufukweni, jamvi moja. Fashini imekalafatiwa upya, siku mbili za kukauka, lipu, shahamu. Katikati ya mfungo mwezi ukapevuka, bamvua ikarudi, mashua ikashuka tena: ndoo 9 saa ya kwanza, 4 kesho yake, 1 siku ya tatu. Vijana wanne wa miaka 18 na zaidi wameijaribu na fundi kwa makasia.

Hali ilivyo leo: madema sita kati ya tisa yamekabidhiwa. Meza ya mnada inafanya kazi. Samaki wa kikapu kimoja walikataliwa wiki iliyopita, na mwenyewe hakugombana. Mgao wa kuvua umeandikwa: gharama zikitoka, mafungu matatu, la chombo, la nyavu na la mabaharia. Wakubwa wanasajili kikundi halmashauri ili waombe mkopo wa vijana, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri, katika asilimia 10 inayotengwa kwa mikopo ya vikundi. Wadogo hawamo, wanasubiri umri. Wawili wameanza masomo ya jioni kwa ajili ya mtihani wa QT, unaomfungulia aliye nje ya shule njia ya mtihani wa kidato cha nne.

Nyumba moja ya Chini haijakubali. Mzee amekwenda mara tatu, ataendelea kwenda, na kijana wao tunaendelea kumpokea kazini kama wengine. Tanga la mashua bado halijashonwa, na leseni ya chombo haijatoka, hivyo hakuna kuvua. Masika ikianza, mashua itapandishwa chini ya makuti. Kabla ya hapo kuna bamvua moja tu, ya mwezi wa Idi. Tutaishusha saa 10 jioni tuhesabu ndoo mara ya mwisho, na pamba kilo 1 ibaki kavu ndani ya debe.